Hilux Iliyofutwa Uingereza

Bei ndiyo iliyonitoa Mulekera, hapa Beni, mashariki ya Kongo. Toyota Hilux ya milango minne, ya mazuti, ya mwaka 2013, ilikuwa Kampala ikiuzwa dola 9,500, karibu nusu ya kile ambacho wafanyabiashara wa Butembo wangenidai kwa gari la namna hiyo. Picha zilitumwa na shemeji yangu anayeishi kule, na chini yake aliandika: "Wahi, Wasudani wanaizunguka." Mtu anayenunua kakao Mavivi na Mutwanga, ambaye kila msimu faida yake inaishia kwa wenye pikipiki za kukodi, haambiwi mara mbili.

Aliyenipunguza mwendo ni fundi wangu wa Masiani. Alishika simu kwa mkono wenye grisi, akaikuza picha ya mbele, akasema: "Papa, taa ya kushoto ni mpya, ya kuume imechakaa. Gari haizeekei upande mmoja."

Nikampigia shemeji. Alizungukazunguka, mwishowe akakubali kwamba gari limetoka Uingereza na kwamba huko kampuni ya bima ililifuta. "Lakini limetengenezwa. Utalikuta linang'aa." Kung'aa huko ndiko kulikomtia fundi wasiwasi. Nikalipa nauli ya watu wawili.

Nilikuwa sijawahi kupita mpaka wa Kasindi. Kutoka Beni hadi hapo ni kilometa 80 hivi, na barabara yake ilizinduliwa kwa sherehe pale Mpondwe, upande wa Uganda, tarehe 16 Juni 2021, Rais Tshisekedi na Rais Museveni wakiwa wamesimama pamoja, ikaunganishwa katika mkataba mmoja na ile ya kilometa 54 ya kwenda Butembo. Lakini kwetu safari haipangwi kwa kilometa wala kwa saa. Inapangwa kwa habari: kama leo wanajeshi wanasindikiza msafara, kama jana usiku mtu amesikia risasi upande wa Halungupa, kama dereva aliyetoka huko asubuhi amefika. Fundi alikwenda kuuliza kwenye mzunguko wa Nyamwisi, akarudi akasema twende. Tukajibana wanne kiti cha nyuma cha taksi, mwanamke mmoja akiwa amepakata kuku aliyefungwa miguu, tukavuka Semuliki kabla jua halijawa kali.

Njiani kuna mifupa ya magari. Yamechomwa na waasi wa ADF kwa nyakati tofauti, mengine bado yana rangi kidogo chini ya milango, na majani yanapita pale palipokuwa na injini. Hakuna mkaguzi wa bima aliyekuja na daftari kuyaandika. Mikataba ya kawaida ya bima huiweka vita nje, na hata vita isingekuwapo, wengi wetu tunanunua ile bima ya lazima tu, inayomlipa mtu mwingine uliyemgonga. Kwa miaka mingi ilikuwa ikiuzwa na SONAS peke yake. Sheria ya tarehe 17 Machi 2015 ndiyo iliyofungua mlango, na kampuni za binafsi zikaanza kupata vibali mwaka 2019. Ukienda kununua karatasi yako Beni, utaulizwa nguvu ya injini na matumizi ya gari. Hakuna atakayeinama kutazama shasi. Ndiyo maana tangu utoto wangu sijaona gari lililofutwa na bima. Kwetu gari linakufa siku tolie, yule fundi wa kunyoosha mabati, atakapolikataa, na sijawahi kusikia tolie wa Mulekera akikataa kazi.

Kasindi tulivuka kwa miguu. Pasipoti, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, daraja la Lubiriha, foleni, kelele za wabadilisha fedha, kisha Uganda. Pale Mpondwe fundi alivua kofia, akaivaa tena bila kusema kitu. Shule ya sekondari ya Lhubiriha iko karibu, ile iliyoshambuliwa Juni 2023, wakauawa watu 42, wengi wao wanafunzi.

Kitu kilichonishangaza Bwera, mji wa hapo mpakani, ni kwamba sikujisikia mgeni. Mama aliyetuuzia chai alitusalimia kwa Lukonzo, nikamjibu kwa Kinande, na mazungumzo yakaendelea kana kwamba hakuna mpaka uliopita katikati yetu. Ugeni ulianza tulipopanda basi. Magari ya Uganda hupita kushoto, na kila tulipopishana na lori mguu wangu wa kulia ulikanyaga breki ambayo haikuwapo. Kule kwetu tuna magari mengi yenye usukani wa kulia, lakini tunayaendesha upande wa kulia wa barabara, hivyo dereva anakaa pembezoni na kumwachia abiria wa mbele kazi ya kuchungulia kama njia ni nyeupe. Hapa ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza magari hayo yakiendeshwa yalivyokusudiwa. Halafu mlima. Ruwenzori kwetu uko upande wa jua kuchomoza. Kuanzia Kasese uligeuka ukawa upande wa jua kuzama, na nikawa nautazama kama mtu anayeona mgongo wa jirani yake aliyemjua kwa uso tu. Hima na moshi wa kiwanda cha saruji, Fort Portal na chai yake iliyokatwa kama zulia, Kyenjojo, Mubende, Mityana. Fundi alilala yote hayo.

Shemeji alitupokea usiku Kampala, na asubuhi akatupeleka kwanza kwa wabadilisha fedha, kwa sababu alijua dola za Beni. Noti iliyochanika hata ncha, kwetu haipiti. Kule walizikataa pia zile za zamani zenye kichwa kidogo, au wakazipokea kwa bei ya chini. Nilikuwa nimezichambua moja moja nyumbani, lakini mbili zilinirudi.

Gari lilikuwa kwenye bondi, ua kubwa la magari ambayo hayajalipiwa ushuru wa Uganda. Anayelipeleka Kongo au Sudan Kusini hulitoa kama mzigo unaopita tu, kwa karatasi za transiti, na kodi anaikuta mpakani kwao. Sijawahi kuona magari mengi hivyo yasiyo na dereva. Kijana wa mauzo alijua Kiswahili cha Mombasa na aliniita bosi kila baada ya maneno matatu. Fundi hakwenda kwenye Hilux. Alisimama kwenye Noah nyeupe iliyotoka Japani, akaomba mlango ufunguliwe.

"Tunaanza na ile tusiyoitaka," aliniambia kwa sauti ya chini. "Macho yapate moto."

Aliuvuta mkanda wa kiti hadi mwisho wake, ile sehemu ambayo hakuna mtu huivuta. Mita ya mwisho ilikuwa na mstari wa udongo, umenyooka. Akainua zulia chini ya kiti cha nyuma: boliti za kiti zimeshika kutu wakati zile za bawaba za mlango ni safi. Akatoa gurudumu la akiba, akapitisha kidole katika kona ya chuma, kikatoka na mchanga laini wa rangi ya kijivu. Gari lilikuwa limekunywa maji. Maji yakishapanda hadi kwenye viti, yanaingia katika viunganishi vya nyaya na kuanza kuvila polepole, na gari linaweza kwenda mwaka mzima bila kulalamika kisha likazima katikati ya Semuliki. Baada ya tsunami ya Japani ya Machi 2011, na baada ya kimbunga Harvey kule Texas Agosti 2017, magari kwa malaki yalioga hivyo, na si yote yaliyokwenda kusagwa. Japani minada yenyewe huandika ukweli: karatasi ya mnada huwa na alama, na gari lililowahi kugongwa na kutengenezwa mwili wake hupewa herufi R badala ya namba. Shida ni kwamba karatasi hiyo mara nyingi inabaki upande wa pili wa bahari. Nilimuuliza kijana kama anayo ya ile Noah. Akasema ofisi inaitafuta.

Hilux ilikuwa kweli inang'aa.

Fundi alitoa mfukoni sumaku iliyoviringishwa kitambaa, akaipitisha kwenye madigadi, milango, kingo za sanduku la nyuma. Ilishika kila mahali isipokuwa juu ya gurudumu la mbele kushoto, ambako iliteleza na kuanguka mkononi mwake. Mastiki chini ya rangi, lakini eneo dogo, kiasi cha kiganja. Boliti za boneti na za madigadi hilo zilikuwa zimekwaruzwa rangi kwenye pembe, maana yake ufunguo ulipita. Taa mpya haikuwa na chapa ya kiwanda ile iliyokuwa kwenye mwenzake. Basi lilipigwa mbele kushoto. Swali lilikuwa pigo lilifika wapi.

Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo watu wa bondi waliacha kazi kulitazama. Alilala chini ya gari na kamba ya katani. Akachagua matundu mawili ya kiwanda upande wa mbele wa shasi na mawili ya nyuma, akanipa ncha moja, tukapima kutoka mbele kushoto hadi nyuma kulia, akafunga fundo. Kisha mbele kulia hadi nyuma kushoto. Shasi iliyonyooka hutoa urefu ule ule pande zote mbili, na iliyopinda haiwezi kudanganya kamba. Fundo liliangukia pale pale. Akarudia kwa matundu mengine, kwa sababu haamini bahati. Pale pale tena. Akatoka chini na vumbi kichwani akasema: "Mifupa ni mizima."

Namba ya shasi imepigwa kwenye chuma cha kulia karibu na gurudumu la mbele. Tuliilinganisha na ile ya kibati na ya karatasi za Uingereza. Zote tatu zilikubaliana. Ilianza na AHT. Herufi hizo hupewa magari ya kiwanda cha Toyota cha Durban, ambacho hupeleka Hilux Ulaya. Kwa hiyo gari hili lilizaliwa Afrika, likaenda kufanya kazi Uingereza, likaandikwa limekufa huko, na sasa lilikuwa Kampala likitafuta njia ya kuingia Kongo. Sikuwa na la kufanya na habari hiyo, ila niliipenda.

Namba yenye herufi na tarakimu 17 ina faida yake. Nilimtumia mtoto wa ndugu yangu mkubwa, ambaye anasoma Uingereza, akalipa pauni chache, na kabla hatujamaliza soda akaturudishia historia: gari lilifutwa mwaka 2019, kundi N.

Kule Waingereza wana makundi manne, waliyoyapanga upya tarehe 1 Oktoba 2017. A ni la kusagwa lote, hata skrubu isiokolewe. B unaweza kuvua vipuri, lakini mwili usagwe. S lina pigo kwenye mifupa, na linaweza kutengenezwa. N halikuguswa mifupa. Ukisikia N unaweza kudhani ni mkwaruzo, na kijana wa mauzo alitaka nidhani hivyo. Lakini kufutwa ni hesabu ya fedha kuliko hukumu ya chuma. Mkaguzi anaweka upande mmoja bei ya gari siku moja kabla ya ajali, upande wa pili vipuri vipya, saa za fundi, rangi, na gari la kumwazima mteja wakati lake liko gereji, na anaangalia pia mnada utamlipa kiasi gani kwa gari lilivyo. Ikionekana ni nafuu kumlipa mteja na kuliuza bovu, linafutwa. Saa ya fundi Uingereza ni ghali. Kwa fedha ya saa chache za huko, tolie wa Mulekera anakunyooshea madigadi, anapaka rangi na kukuletea gari mlangoni. Gari la N la huko linaweza kweli kuwa gari zima la kwetu.

Linaweza. Maana N inaruhusu pia breki, usukani, na vitu vingine vinavyolinda mtu kuwa vimeharibika, mradi si mifupa. Fundi alikaa kwenye kiti cha dereva, akageuza ufunguo bila kuwasha injini, akatazama dashibodi. Taa ziliwaka kama inavyotakiwa: mafuta, bateri, breki. Moja haikuwaka. Ile ya picha ya mtu aliyekaa mbele ya puto, taa ya mifuko ya hewa, inatakiwa iwake sekunde chache kisha izime. Ikibaki inawaka, kuna kosa. Isipowaka kabisa, kuna mtu ameitoa ili kosa lisionekane.

Akagonga katikati ya usukani kwa kifundo cha kidole. Ulilia mtupu. Upande wa abiria dashibodi ilikuwa imevalishwa ngozi ya plastiki, na ukiinama usawa wa kioo unaona mstari wa mstatili chini yake. Mifuko ililipuka siku ya ajali, na aliyetengeneza gari alifunika matundu. Halafu mkanda wa dereva: ulivutika nusu ukagoma. Katika magari haya kuna baruti ndogo inayoukaza mkanda wakati wa pigo, na ikishalipuka mkanda huo kazi yake imekwisha.

"Unataka mafuta kidogo tu, bosi," kijana akasema.

"Mafuta ya nini, kwenye kitambaa?" fundi akamjibu.

Tulirudi kwa shemeji bila kununua, na jioni yote ilikuwa mabishano. Shemeji alisema: "We unanunua gari ao unanunua puto?" Nani Beni ana mfuko wa hewa? Taksi iliyotuleta Kasindi ilikuwa na watu wanne nyuma na kuku. Pikipiki ninazopanda kila wiki zina nini? Alikuwa na hoja, na sikuweza kuipuuza. Lakini nilikuwa na hesabu yangu. Shasi imenyooka, injini haivuti moshi, maili zinalingana na historia ya ukaguzi wa kila mwaka ya Uingereza, na ninajua ilipopigwa. Gari la Butembo la bei ya mara mbili ningelinunua bila kujua hata moja kati ya hayo, na huenda lingekuwa na matundu yale yale chini ya ngozi nzuri zaidi. Kilichokosekana kilikuwa mifuko, ambayo haiwezekani kuirudisha kwa njia ya kuaminika, kwa sababu mfuko wa sokoni unaweza kuwa umetoka kwenye gari lingine lililogongwa au ni wa aina ya Takata, ile iliyorudishwa viwandani dunia nzima kwa sababu ilikuwa ikirusha vipande vya chuma. Na mikanda, ambayo inawezekana. Kati ya vitu hivyo viwili, mkanda ndio unaofanya kazi kubwa zaidi. Mfuko umetengenezwa kumsaidia mtu aliyefungwa mkanda.

Kesho yake fundi na mimi tulikwenda soko la Kisekka. Ukitaja kipuri pale, kabla hujafunga mdomo vijana watatu wameshakimbia pande tatu. Fundi alikataa mikanda mingi kwa sababu moja tu: alikuwa anavuta hadi mwisho kutafuta ule mstari wa udongo, au alama ya kuungua pale mkanda unapopita kwenye ndoano. Aliyoikubali ilitoka kwenye Hilux iliyogongwa nyuma, mbele ikiwa nzima, na muuzaji akatuonyesha kabini yake ilikokatwa. Tukaibeba hadi bondi ndani ya mfuko wa sukari.

Niliweka mezani dola 8,000. Kijana akacheka. Nikaweka na historia iliyochapishwa, kundi N na tarehe, nikamwonyesha usukani. Akaacha kucheka akamwita mkubwa wake, mzee mpole aliyesoma karatasi yote bila haraka na kusema kwamba Wasudani hawaulizi mambo haya. Tulikubaliana 8,200, wao wakifunga mikanda yetu pale pale mbele ya macho ya fundi.

Safari ya kurudi haina mengi. Dereva wa transiti aliendesha hadi Mpondwe. Kasindi wakala wangu wa duane, yaani forodha, alikimbia kati ya madirisha ya DGDA, OCC na OGEFREM, na nililipa nilichoambiwa na hesabu yangu ya faida ikapungua kila dirisha. Hakuna dirisha hata moja lililouliza kama gari limewahi kupigwa. Fundi alinikabidhi ufunguo baada ya kizuizi cha mwisho, akakaa kushoto, akawa macho yangu ya kupita malori: "Ngoja. Ngoja. Enda."

Mulekera nililipeleka gari kwa fundi wa umeme. Nilimwomba arudishe ile taa ya mifuko ya hewa.

"Ndiyo, Papa, hiyo ni rahisi," akasema. "Nitaiunga na ya bateri. Itawaka, itazima, kama mpya. Ukitaka kuuza hakuna atakayejua."

Nikamwambia hapana, aiunge kwenye waya wake wenyewe.

"Lakini basi itawaka saa zote."

"Iwake saa zote."

Alinitazama, akamtazama fundi wangu, ambaye alikuwa anakula ndizi na hakuwa na nia ya kunisaidia. Shemeji, nilipomsimulia kwa simu, alisema nimetupa dola elfu moja za siku ya kuuza, na bado tunabishana. Fundi wa umeme alichomeka taa, ikawaka nyekundu, akaandika dola tano kwenye daftari. Kisha akauliza kama kuna kosa jingine ningependa aliwashe.